Kikoa cha Mto Tana: mkoma wa Fumo Liyongo na zamu zilizorukwa

Kamusi zetu zimetunza maneno ambayo vinywa vyetu vimekwisha kuyaacha. Mojawapo ni kikoa. Kula kikoa ni kula kwa zamu. Leo watu wanakusanyika kwangu, nawalisha. Kesho wanakuja kwako, unatulisha. Keshokutwa ni kwa jirani wa mwisho, mpaka kila mmoja amekuwa mwenyeji na kila mmoja amekuwa mgeni. Usije ukachanganya kikoa na bia. Bia ni mchango: kila mtu anatoa chake siku hiyohiyo, mnakula, mnaachana, hakuna anayemdai mwenzake. Kikoa huacha deni, na deni hilo ndilo linalowarudisha watu pamoja siku ya pili.

Wiki hii nataka tulichukue neno hili tulipeleke Garsen, kwenye kingo za Mto Tana, maana huko ndiko lilikokaa ndani ya kisa mashuhuri kuliko vyote katika fasihi ya Kiswahili. Hoja yangu ni fupi. Tumezoea kufundisha kwamba mshairi au mchongaji hutumia miti, mito na wanyama ili kupamba anachosema. Sanaa ya bonde la Tana haikufanya hivyo. Iliuketisha mto, mti na mnyama kwenye kikoa kimoja na binadamu, kila mmoja na zamu yake. Na tukitazama historia ya bonde hilo katika miaka mia na hamsini iliyopita, tutaona kwamba mengi yaliyoharibika ni zamu ambazo mtu fulani aliziruka.

Tuanze na Fumo Liyongo. Wataalamu hawajakubaliana aliishi lini. Wapo wanaomweka karne ya 13, wapo wanaomsogeza hadi ya 17. Mahali pake hapana ubishi mkubwa. Mapokeo yanamweka katika pwani ya Pate na Shaka, karibu na mdomo wa Mto Tana, na kaburi lake linaonyeshwa Ozi, jirani na Kipini. Edward Steere alikichapisha kisa chake kwa nathari katika kitabu Swahili Tales mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi. Kijumwa huyu hakuwa mtu wa kalamu peke yake. Alichonga mbao, aliandika hati za Kiarabu za kupendeza macho na alipiga ala za muziki. Sitii chumvi nikisema kwamba mikono iliyoujua mti ndiyo iliyotuandikia utendi ambao mti umo katikati yake. Mwaka 1973 Abdilatif Abdalla akauhariri na kuuchapisha Dar es Salaam, muda mfupi baada ya yeye mwenyewe kutoka gerezani nchini Kenya. Mshairi aliyefungwa akamhariri mshairi aliyefungwa.

Kisa chenyewe wengi mnakijua, lakini hebu tukitazame pale ambapo walimu hupita haraka. Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo, anahofia atanyang'anywa kiti. Liyongo anaondoka mjini, anakwenda porini, anaishi na Wasanye na Wadahalo, watu wa uta na mshale. Sultani anawapelekea hao wenyeji wake ahadi ya fedha ili wamletee kichwa chake. Watamuua vipi mtu mwenye nguvu za namna ile? Wanakaa shauri. Wanamwambia: ndugu yetu, sisi huku tuna desturi ya kula kikoa, na wewe ni mwenzetu. Liyongo anakubali. Wanakula kwa zamu mpaka zamu zinakwisha. Kisha wanasema: sasa tule kikoa cha makoma, kila siku mmoja wetu apande mkoma awaangushie wenziwe matunda. Njama ni kwamba zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu mikono imeshika shina, watamfumia mishale kwa pamoja.

Zamu yake inafika. Anauchagua mkoma mrefu kuliko yote. Wenzake wanangoja apande. Yeye hapandi. Anatia mshale kwenye uta, anauelekeza juu, na makoma yanaanguka chini mbele yao. Amelipa deni la kikoa bila kuingia mtegoni. Wale wanaume wanatazamana, wanarudi kwa Sultani na kumwambia kwamba mtu huyu hawamwezi.

Basi, msomaji, jiulize swali moja dogo: kwa nini mkoma? Pwani hii imejaa minazi. Nazi ingeangukia hadithi vizuri tu, tena kwa kishindo. Jibu langu ni kwamba mnazi una mwenyewe. Unapandwa, unarithiwa, unawekwa rehani, watu wanashtakiana kwa ajili yake. Mkoma haukupandwa na mtu. Unajiotea wenyewe mbugani na kando ya mto, shina lake likigawanyika kuwa matawi, jambo ambalo mnazi haulifanyi. Tunda lake ni gumu na tamu kiasi, tembo hulila na kuzisambaza mbegu, watoto huliguguna. Majani yake, yaani miyaa, husukwa mikeka, makapu na kamba. Chini ya mnazi kuna mwenye shamba na mgeni wake. Chini ya mkoma wote ni sawa, na mwenyeji ni mti. Ndiyo maana kikoa cha makoma kilikuwa kikoa kikamilifu, na ndiyo maana usaliti uliopangwa chini yake ni mchungu kuliko usaliti wa mezani kwa mtu. Walitaka kumuua mwenzao mikononi mwa mwenyeji asiye na upande.

Kuna jambo la pili ambalo utendi huu unalo, nalo ni orodha ya majirani. Ukiusoma utawakuta Waswahili wa mijini, Wasanye na Wadahalo wa porini, na watu ambao Kiswahili cha zamani kiliwaita Wagala. Jina hilo la mwisho wenyewe hawalipendi, na wana haki. Waoromo wanaoishi Tana leo ni Waorma, wafugaji ambao ng'ombe wao ndio fahari yao na akiba yao. Wadahalo nao lugha yao ni hazina ya ajabu: ni ya jamii ya Kikushi lakini ina sauti za kidoko, zile za kugonga ulimi, ambazo wengi wetu tunadhani ziko kusini mwa Afrika peke yake. Watu hao wote wamo ndani ya utendi mmoja wa Kiswahili. Hawapendani sana, ni kweli. Lakini wamo, wanakula pamoja na wanajuana kwa majina.

Kundi moja kubwa limekosekana mezani, na kukosekana kwake kunafaa kusemwa waziwazi. Wapokomo, wakulima wa kingo za Tana, hawasikiki katika utendi huu. Kipokomo ni ndugu wa toka nitoke wa Kiswahili. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, waliziweka pamoja Kiswahili, Kipokomo, Kielwana, lugha za Mijikenda na Kikomoro katika familia moja waliyoiita Sabaki. Sabaki ni jina la mto pia, jirani wa Tana upande wa kusini. Ndugu huyu hayumo katika utendi kwa sababu utendi ulitungwa na watu wa mjini, na mji huona mto kwa jicho la anayengoja mpunga ushuke kwa mtumbwi. Hapo nakubaliana na wanaosema tusiitukuze sanaa kupita kiasi. Sanaa inaweza kumkaribisha mtu, na inaweza kumsahau mlangoni. Kwa hiyo tukitaka kumsikia mkulima wa Tana, inatubidi tuuweke utendi kando kidogo tusikilize ala nyingine.

Kabla ya hapo, maneno machache kuhusu mto wenyewe, maana bila hayo sanaa yake haieleweki. Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Unatoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, unashuka kupitia nchi kavu ya Garissa na Hola, unafika Garsen, na hapo unatanuka na kuwa delta ya mikono mingi, maziwa, vinamasi na misitu ya kando ya maji. Kwa asili yake mto huu hufurika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya vuli. Maji yakipanda yanaleta udongo mpya. Yakishuka, Mpokomo anapanda mpunga, mahindi na ndizi kwenye unyevu uliobaki. Kiangazi kikikaza, nyasi zikiisha huko bara, Muorma anateremsha ng'ombe mpaka delta, ambako bado kuna majani, na anawanywesha kwenye malka, yaani njia za mifugo kufika mtoni. Mavuno yakishatoka, mabua ni ya ng'ombe, na samadi ya ng'ombe ni ya shamba. Nani asiyeona kikoa hapo? Mto unatangulia kulisha, kisha mkulima, kisha mfugaji, kisha mto tena.

Tena mto huu una tabia ya kujichagulia njia. Zamani mdomo wake mkuu ulikuwa kusini zaidi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi ipite kwa urahisi. Mfereji ulikuwa mwembamba. Tana ukaingia humo, ukaupanua, ukaufanya njia yake kuu, na mpaka leo unamwagikia Kipini. Watu walichimba kijia wakapewa mto mzima. Anayeishi na jirani wa namna hiyo hawezi kumwona kuwa mandhari. Atamzungumzia kama mtu mwenye hiari.

Sasa tusikilize ala. Wapokomo walikuwa na ngadzi, ngoma kubwa takatifu iliyokuwa chini ya wazee wa Kijo, baraza lililoshika mamlaka ya dini na ya sheria. Haikuwa ngoma ya kuchezewa arusini. Watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuiona. Walikuwa wakiisikia tu, na husimuliwa kwamba mvumo wake ulifika mbali sana kando ya mto. Fikiria maana yake. Ni kipande cha mti kilichotobolewa kikatiwa ngozi ya mnyama, yaani msitu na mnyama kwa pamoja, na hicho ndicho kilichopewa sauti ya kuwaamuru watu. Mzee hakusema kwa kinywa chake. Alinyamaza, msitu ukasema, na kijiji kikatii. Sijui sanaa nyingine katika nchi hii inayoonyesha waziwazi namna hiyo kwamba binadamu alikuwa akipokea zamu na maumbile katika kuongoza mambo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliitwaa ngadzi. Tangu mwaka 1908 imo katika hesabu ya British Museum, London, na huko imekaa ghalani zaidi ya karne moja. Siyo peke yake. Mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo, uliozihusisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ulihesabu zaidi ya vitu 32,000 katika makavazi ya Ulaya na Marekani. Lakini ngadzi ni tofauti na kinyago au mkufu. Ukikitazama kinyago kupitia kioo, walau unapata sura yake. Ngoma isiyolia unapata nini? Walichukua ala wakaacha kimya, na kimya hicho kilikaa juu ya mto. Wazee waliokuwa wakiwakutanisha watu kwa mvumo mmoja walibaki na mikono mitupu mbele ya karani wa wilaya na karatasi yake. Kuanzia hapo mashauri ya ardhi, msitu na maji yakaanza kuamuliwa kwa sauti nyingine, tena iliyotoka mbali.

Kitu cha pili kilichoondoka Tana kiliondoka kwa hiari na kwa shangwe. Uhuru ulipokaribia, serikali iliunda jopo la wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kazi yao ilikuwa kutunga wimbo wa taifa. Baada ya kusikiliza nyimbo nyingi za jamii mbalimbali, walichagua mahadhi ya wimbo ambao kina mama wa Kipokomo waliwabembelezea watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza ilipoteremshwa, mahadhi hayo ndiyo yaliyopaa. Mpaka leo kila mtoto wa shule anasimama wima kwa wimbo ambao asili yake ulikusudiwa kumlaza.

Napenda sana historia hiyo, na huwa naisimulia kila nipatapo nafasi. Lakini ukiitazama kwa jicho la kikoa, inauliza swali. Tana ililisha taifa zima siku ile. Zamu ya taifa kuilisha Tana ilifika lini? Haitoshi kusema kwamba Wapokomo waliheshimiwa. Wakenya wangapi wanajua kwamba wanapoimba wanaimba Kipokomo kisicho na maneno? Tulichukua sauti, tukabadilisha maneno, tukaisahau mikono iliyokuwa imemshika mtoto.

Na hatukuchukua sauti peke yake. Kati ya 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa matano ya umeme kwenye sehemu ya juu ya mto: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, lililo kubwa kuliko yote, lilianza kazi mwaka 1981. Maji ya mfereji mwingi jijini Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye Mto Thika, nao ni tawi la Tana. Umeme wa miji na maji ya jiji ni mahitaji ya kweli, sina ugomvi nayo. Ila matokeo yake huku chini ni kwamba mto umepotezewa kalenda. Mafuriko madogo ya kila mwaka, yale ya kulisha, yamepungua kwa sababu mabwawa yanayazuia. Mafuriko makubwa hayajazuilika: mwaka 1997 na 2018 mabwawa yalijaa, maji yakashuka, vijiji vya Tana vikazama na watu wakahamia kwenye vilima na kando ya barabara. Mto uliokuwa ukija mara mbili kwa mwaka na chakula mkononi sasa unakaa miaka haujaja, kisha unakuja na hasira.

Zamu zikivurugika juu, zinavurugika chini. Mkulima asiyepata mafuriko anasogeza shamba lake karibu zaidi na maji, analima mpaka kwenye malka. Mfugaji naye, kiangazi kirefu kikimsukuma, anashuka delta kabla mavuno hayajatoka. Ukiongeza juu ya hayo miradi mikubwa ya mashamba ya miwa na mimea ya mafuta iliyopangwa katika delta mwishoni mwa muongo wa 2000, hati za ardhi zisizoeleweka, siasa za uchaguzi na bunduki, basi utajua kwa nini kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 Wapokomo na Waorma waliuana. Zaidi ya watu mia moja walipoteza maisha, wakiwemo wanawake na watoto. Sababu zilikuwa nyingi, na mtu asije akasema mwandishi huyu anadai watu waliuana kwa kukosa ushairi. Ninachosema ni kwamba kisa cha makoma kilikuwa kimetuonya mapema: kikoa kikiingiliwa na fedha ya mtu wa mbali, mti uleule uliokuwa ukiwalisha watu unageuka kuwa mahali pa kuviziana. Mwaka huohuo wa 2012, mwezi Septemba, delta ya Tana iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Dunia ilitambua thamani ya maji yale ilhali majirani walikuwa wakizikana kando yake.

Kuna watu watakaoniuliza: sawa, mwalimu, lakini utendi utazuia mafuriko? Mkeka utawapatanisha watu? Swali ni la haki. Jibu nalipata kwa mama mmoja mzee niliyemkuta sokoni Garsen akishona mkeka wa ukindu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, kisha nikamuuliza mbona vipande vyake vilikuwa vichache siku hiyo.

"Mwanangu, ukindu siku hizi twautafuta mbali," akaniambia bila kuinua macho. "Na hata ukiufikia, huchukui wote. Wachukua kuti moja, moyo wauacha. Ukikata moyo, mwaka ujao utakuja kukaa hapa na mikono mitupu, na kima nao watakuwa wamekwenda zao."

Nikamuuliza kima wameingiaje katika habari ya mkeka.

"Tunda ni lao," akasema. "Kuti ni langu."

Maneno hayo sita yana elimu ambayo watafiti huiandikia vitabu. Mkindu ni mmoja wa miti inayowalisha kima wa Tana, na katika misitu hiyo ya kando ya mto kuna aina mbili za kima ambazo hazipatikani kwingine popote duniani. Kwa ajili yao ilitengwa hifadhi maalumu mwaka 1976. Yule mama hakuhitaji kuambiwa na mtu wa hifadhi. Ususi ndio uliomfundisha, kwa sababu kila ukili anaousuka unamlazimisha akumbuke alikoutoa na aliyekuwepo pale. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa ninayoizungumzia. Haizuii maji. Inamfundisha mtu, tangu utoto, kwamba amekaa mezani na wengine, na kwamba kuna fungu ambalo si lake.

Elimu hiyo ikiendelea kuishi katika mikono, makubaliano ya watu yana pa kushikia. Mpango wa matumizi ya ardhi unaweza kuandikwa vizuri sana ofisini, ukiwa na ramani na rangi zake. Ukimpelekea Muorma neno "ukanda wa mifugo", atalisikiliza kwa adabu. Ukimwambia malka, atakuonyesha yenyewe ilipo, nani aliifungua na mwaka gani ilizibwa. Lugha na sanaa ni daftari la zamu. Mahali ambapo daftari hilo limepotea, kila kikao kinaanza upya, na anayeanza upya ndiye anayedanganywa kwa urahisi.

Kwa hiyo nina mapendekezo, na si makubwa. Kwanza, Utendi wa Fumo Liyongo usomwe katika shule za Garsen, Ngao, Tarasaa na Kipini kama maandishi ya nyumbani. Mwalimu awatoe watoto nje, awaonyeshe mkoma, mtoto wa Kiorma aseme kwao unaitwaje na mtoto wa Kipokomo aseme kwao, kisha ndipo wasome ile zamu ya Liyongo. Pili, vyuo vyetu vikuu vinavyotoa shahada za Kiswahili kila mwaka vitume wanafunzi wachache wakakusanye maneno ya mto: majina ya mafuriko, ya aina za mpunga, ya miti, ya sehemu za mtumbwi, ya hatua za kusuka. Wazee wanaoyajua wanapungua. Tatu, madai ya ngadzi yasiachiwe Wapokomo peke yao. Taifa lililochukua wimbo wao wa kumlaza mtoto lina deni la zamu, na hapa pana nafasi nzuri ya kulilipa: serikali iidai ngoma ile kwa nguvu ileile inayotumia kudai vitu vingine vya thamani, na ikirudi, irudi mtoni, chini ya wazee, iamuliwe na wao kama italia au itanyamaza.

Utendi una sehemu moja zaidi ambayo huwa inanirudia ninapofikiria delta. Liyongo anachomwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Anainuka na uta wake, anapiga goti karibu na kisima, anautega mshale, na hapo anakufa bila kuanguka. Watu wa mji wanaogopa kusogea. Hawajui kama yu hai. Siku zinapita, hakuna achotaye maji, mji mzima una kiu mbele ya maji yake. Waliomuua walidhani wanamwondoa mtu mmoja, kumbe wamejifungia kisima. Hawakuweza kunywa mpaka walipomwomba mama yake aende akamwimbie.

Sasa nawaachia kazi. Kama katika lugha ya kwenu, iwe Kitaita, Kisamburu, Kikamba au Kidigo, kuna neno la kula kwa zamu kama kikoa, liandikeni, na chini yake mwandike ni chakula gani kililiwa hivyo, chini ya mti gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.